Soma Kifuniko Kabla ya Kukikata

  Leo hatuandiki juu ya mgao wa chakula wala juu ya karatasi za ukimbizi. Leo tunaandika juu ya kipande cha chuma chenye upana wa vidole viwili. Msicheke kwanza. Kipande hicho kimetugombanisha sisi kwa sisi, kimetugombanisha na wakubwa wetu, na dada yetu mmoja amekosa nafasi kwa sababu yake.

Kipande chenyewe ni kifuniko cha prosesa. Ukifungua kompyuta ya mezani, ukatoa feni na lile dude la alumini lenye mapezi kama ya samaki, chini yake utaona kibamba cha chuma kinachong'aa, kimeandikwa maneno na namba. Wengi wanadhani hiyo njo prosesa. Hapana. Prosesa yenyewe, ile chipu ya silikoni inayopiga hesabu, imelala chini ya kibamba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kibamba ni kifuniko tu.

Sasa tuseme ukweli wetu. Tulikata kifuniko hicho kwa wembe, tukaua mashine nzima. Tunasema "tulikata" ingawa wembe ulikuwa katika mkono wa mmoja. Mwingine alishika tochi ya simu. Mwingine alishika simu yenye video. Wengine tulisimama mlangoni kuchunga mtu wa shirika asije. Kwa hiyo ni sisi sote, na hatutamtaja yule wa wembe hata mtuulize namna gani.

Ilivyokuwa ni hivi. Chumba chetu kina mashine sita, zote za mtumba, zilitumika kwanza katika maofisi ya Ulaya. Wanaozisubiri ni vijana zaidi ya sitini. Kila mtu ana saa mbili kwa wiki, tena kama umeme upo, na kama petroli ya jenereta imepatikana, na nyinyi mnaoishi Burundi miaka hii mnajua petroli inavyopatikana. Paa ni mabati. Upande mmoja ni barabara ya vumbi, upande mwingine mamama wanaanika ndagala na kupika kwa makaa. Vumbi na moshi vinaingia dirishani, na feni za mashine zinavuta tu, hazichagui. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa juu ya mabati, mashine mbili zilikuwa zinazima zenyewe. Unaandika, unaandika, halafu giza.

Dada mmoja alikuwa anaandika barua ya kuomba bursari ya chuo. Zamu yake ilikuwa saa nane. Mara ya kwanza mashine ikamzimikia, akaanza upya. Mara ya pili, akaanza upya. Mara ya tatu alikaa kimya, akaweka mikono juu ya meza, hakulia wala hakusema kitu. Njo siku ile tuliamua kwamba lazima tufanye jambo.

Tuliripoti? Ndiyo, tuliripoti. Jibu lilikuwa kwamba fundi atatoka Bujumbura. Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni kilomita kama 70, mtu anaenda na kurudi siku moja. Tulingoja wiki baada ya wiki. Na kwenye ubavu wa kila mashine kuna stika imeandikwa kwa herufi kubwa: usifungue.

Basi tukaenda kujifundisha mahali ambapo kila mtu anajifundisha siku hizi. Tukaona video ya kijana wa ng'ambo. Ana prosesa mkononi, anapitisha wembe pembezoni mwa kifuniko, anakata gundi nyeusi, kifuniko kinatoka kama kifuniko cha kopo. Anapangusa, anapaka pasti mpya, anarudisha, anawasha. Joto limeshuka karibu digrii 20. Watu wanampigia makofi. Sisi tukatazamana. Digrii 20! Si njo dawa yetu hii?

Tukatoa prosesa, tukakata gundi pande zote nne, vizuri kabisa, kama kwenye video. Kifuniko hakikutoka. Tukasukuma. Hakikutoka. Tukakizungusha kidogo kwa nguvu. Tukasikia mlio mdogo, kama kuvunja ukucha. Kifuniko kikatoka, na nusu ya chipu ikatoka pamoja nacho. Hakuna fundi hapa duniani wa kuishona hiyo.

Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Juu ya kifuniko kulikuwa kumeandikwa i5-2400. Prosesa ya kwenye video ilikuwa ya kizazi cha tatu, kama i5-3470 iliyomo kwenye mashine ya jirani yake pale pale mezani. Zote mbili ni za Intel. Zinaingia kwenye soketi ya aina moja, ile ya 1155. Kwa macho ni mapacha. Lakini i5-2400 ya mwaka 2011 imeunganishwa na kifuniko chake kwa lehemu, chuma kwa chuma. Ile i5-3470 ya mwaka 2012 imewekewa pasti tu, na pasti inaachia. Tulikata kifuniko bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Hilo njo kosa letu, na tunalikubali hapa mbele ya watu.

Lakini tukikubali kosa letu haina maana kwamba tumekubali yote yaliyosemwa baadaye. Baada ya siku ile chumba kilifungwa kwa kufuli wiki tatu. Tuliambiwa: "Mmeona? Njo maana tulisema msifungue." Katika wiki hizo tatu, siku ya mwisho ya kutuma barua za bursari ilipita. Yule dada hakutuma. Yeye hakushika wembe, hakushika tochi, hakusimama mlangoni.

Kwa hiyo leo tuna maneno kwa pande mbili, na kila upande utapata fungu lake.

Kwanza sisi vijana.

Tuelewe kwanza kazi ya kifuniko. Joto linatoka kwenye chipu, linapita kwenye lehemu au pasti ya ndani, linapita kwenye kifuniko cha shaba, linapita kwenye pasti ya juu, linafika kwenye mapezi ya alumini, halafu feni inalipeleka hewani. Ni safari yenye vituo, na sisi wakimbizi tunajua safari yenye vituo. Kituo kimoja kikikwama, foleni inarudi nyuma mpaka pale mlipotoka. Ukiona watu wamejaa kwenye boti, usiseme boti ni mbaya, nenda kaangalie geti la kule mbele kama limefunguliwa.

Ni kituo gani kilikuwa kimekwama kwetu? Tulijua baadaye, tulipofungua mashine ya pili kwa utulivu. Mapezi ya alumini yalikuwa yamejaa vumbi na masizi, yameshikana kama blanketi. Pasti ya juu, iliyo kati ya kifuniko na alumini, ilikuwa imekauka, ikipanguswa inadondoka unga. Na kwenye zile pini nne za plastiki zinazoshikilia feni, moja ilikuwa imechomoka, labda tangu safari ya meli. Alumini ilikuwa imeinama upande mmoja, na kati yake na kifuniko kulikuwa na nafasi ya hewa. Hewa njo adui mkubwa hapa. Pasti ya kawaida inapitisha joto zaidi ya mara mia kuliko hewa. Sasa sisi tulikwenda kukata lehemu ya ndani, ambayo inapitisha joto karibu mara kumi kuliko pasti ya kawaida, eti tunatafuta ubaridi! Tulibomoa kituo kizuri kuliko vyote katika safari nzima, tukaacha kile kilichokwama.

Mashine ile ya pili tulipuliza vumbi, tukapangusa pasti ya zamani kwa kitambaa na spiriti, tukaweka pasti mpya kiasi cha punje ya mchele, tukakaza pini nne moja moja, tukikaza ya upande huu halafu ya upande unaoitazama. Kabla ya hapo programu ya bure ya kupima joto ilikuwa inaonyesha digrii 95 na zaidi mashine ikifanya kazi. Baada ya hapo haikufika 70. Hakuna wembe uliotumika. Kazi ilichukua muda wa kuchemsha maharage, tena maharage mapya.

Sasa swali. Kama dawa ni rahisi hivi, kwa nini tulikimbilia wembe? Tujibu bila aibu. Kupuliza vumbi hakuna sifa. Hakuna mtu anayepigiwa makofi kwa kupangusa. Kukata kifuniko kunaonekana kama upasuaji, na kila mmoja wetu alitaka kuwa daktari. Tulitaka tuonekane tunajua. Mtu akiishi miaka mingi akiitwa mhitaji, anayesaidiwa, anayepanga foleni, anatamani siku moja aonekane bingwa. Tunalijua hilo moyoni. Lakini sifa ile tulimtoza yule dada.

Tena tuangalie yule kijana wa video ni nani na alikuwa anataka nini. Wale wanaokata vifuniko wengi ni watu wa michezo ya kompyuta. Wananunua prosesa ambazo zinaruhusu kusukumwa kupita mwendo wake wa kiwandani. Ukiisukuma hivyo, joto linapanda sana, na pasti ya ndani inakuwa kikwazo cha kweli. Intel ilipoacha lehemu mwaka 2012 na kuweka pasti, watu hao walikasirika, na walikuwa na haki. Walipopima waligundua kwamba shida haikuwa pasti peke yake. Gundi nyeusi ya pembezoni ilikuwa inakinyanyua kifuniko, ikiacha nafasi juu ya chipu. Kwao kukata kulikuwa na maana. Intel iliendelea na pasti kwenye prosesa zake za kawaida za mezani mpaka Oktoba 2018, iliporudisha lehemu kwenye prosesa kubwa za kizazi cha tisa kama i9-9900K. Lakini i5-2400 yetu si ya kusukumwa hivyo, ni mashine ya kuandikia barua. Hata ungeikata ukafaulu, ungepata nini? Barua haiandikwi haraka kwa sababu chipu imepoa digrii 20 zaidi.

Na yule kijana akiharibu, anaagiza nyingine. Wako hata wenye vyombo maalumu. Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kama der8auer, alitengeneza kifaa cha kusukuma kifuniko taratibu bila wembe. Wanaotoa vifuniko vyenye lehemu wanapasha joto kwanza, kwa sababu lehemu ile ni ya indiamu, na indiamu inayeyuka kwenye digrii karibu 157. Sisi tulikuwa na wembe wa kunyolea na tochi ya simu. Wembe hauna digrii 157.

Kuna pia wale wanaopaka galiamu, ile metali inayotiririka kama zebaki. Ndugu zetu, hiyo muiache kabisa. Galiamu inayeyuka kwenye digrii karibu 30, yaani mchana wa Rumonge unaitosha. Inapitisha umeme, tone moja likidondoka kwenye mazabodi linaunganisha mahali pasipounganishwa. Na inakula alumini. Mapezi yetu ni ya alumini.

Msije pia mkakariri namba nusu mkasema mmejua. Core i5-2400 ya Intel ni ya lehemu. Ryzen 5 2400G ya AMD, ya Februari 2018, ni ya pasti, ingawa Ryzen nyingi za mezani ni za lehemu. Tazameni namba hizo mbili zinavyofanana. Kampuni ni mbili, miaka ni saba kati yao, na undani ni tofauti kabisa. Mtu asiyesoma mpaka herufi ya mwisho atavunja chipu kama sisi.

Tunajua kuna wenzetu watasema: "Lakini mashine hizi ni za zamani, hata pasti ya ndani inakauka." Ni kweli. Prosesa ya pasti ya mwaka 2012 imepita miaka zaidi ya kumi, na pasti ya ndani inaweza kuwa imechoka. Lakini anza nje. Safisha, weka pasti ya juu, kaza pini, pima joto. Ukiona bado inachemka, na umesoma namba ukathibitisha ni ya pasti, na una prosesa ya akiba mkononi, hapo njo tuzungumze. Ukikosa hata moja katika hayo, weka wembe chini.

Na wengine watasema: "Kujaribu njo kujifunza, acheni vijana wajaribu." Tunakubali nusu. Jaribu kwenye maiti. Fundi wa injini za boti pale bandarini anamfundisha kijana kwenye injini iliyokufa. Hampi injini ya boti iliyojaa abiria katikati ya ziwa. Sisi tulifanya upasuaji wetu wa kwanza kwenye mashine yenye abiria.

Sasa tunageuka kwenu, mapapa na mamama wa mashirika. Tunawaheshimu. Wengi wenu mlitupokea siku tulipotoka majini. Wengine kati yetu tulivuka kutoka Fizi Januari 2018, maelfu ya watu katika siku chache, wengine tumevuka juzi. Hatujasahau mablanketi wala chai. Lakini heshima haizuii swali.

Stika ile inamlinda nani? Mnasema ni ju ya garanti. Garanti gani? Mashine ya mwaka 2011 iliyotumika ofisini, ikauzwa, ikatolewa msaada, ikavuka bahari, garanti yake ilikufa kabla baadhi yetu hatujamaliza shule ya msingi. Stika inalinda orodha ya vifaa tu, ili mkaguzi akija ahesabu sita, aandike sita. Mashine inayozima kila saa nane mchana inahesabika kama mashine nzima. Kwenye karatasi yenu tulikuwa na sita hata siku tulipokuwa na nne.

Mnasema tulifungua ju hatukutii. Sisi tunasema tuliharibu ju hatukufundishwa, na tulijificha ju ya stika. Fikirini. Kama kufungua kungeruhusiwa, tungefungua mchana, mlango wazi, pamoja na mtu anayejua, na kitu cha kwanza tungekiona ni vumbi. Marufuku ilitufanya tufungue usiku, haraka haraka, na tochi, na mtu mlangoni. Mtu anayefanya kitu cha siri hasomi namba. Anataka amalize. Wembe ni wetu, lakini giza mlichangia.

Halafu tuambieni jambo moja. Vijana wanaotoka wapi ndio wasioweza kufungua kompyuta? Huko tulikotoka, Misisi katika Fizi, watu wanachimba dhahabu, na zile nukta za chini ya prosesa zimepakwa dhahabu. Bisie kule Walikale wanachimba kasiteriti inayotoa bati, na lehemu ya mazabodi ni bati. Rubaya wanachimba koltani, ambayo ndani yake mnapata tantalamu ya vifaa vya elektroniki. Hatusemi mashine zetu sita zimetengenezwa kwa udongo wa kwetu, hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha. Tunasema wajomba zetu wameingia mashimoni kwa mikono mitupu kutoa vitu hivi, na ju ya vitu hivi vita havijatuacha. Halafu vikirudi kwetu vikiwa mashine, vinakuja na stika: usifungue. Mchanga wetu tunaruhusiwa kuubeba tu, kuuelewa ni marufuku.

Kila mwaka tunaitwa kwenye mafunzo. Tunapewa daftari, soda, na cheti. Tumefundishwa ujasiriamali mara nyingi kuliko tulivyofundishwa kushika turnevisi. Tuna vijana wenye vyeti vitatu vya ujasiriamali wasiojua pini ya feni inakazwaje. Na hapa Rumonge mjini mafundi wapo, wa simu, wa redio, wa injini. Wanazungumza Kiswahili kama sisi, wengi tunasali nao. Siku mbili za mmoja wao katika chumba chetu zingeokoa prosesa, barua, na wiki tatu za kufuli.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja la fedha nyingi.

Moja, toeni stika. Mahali pake wekeni karatasi yenye namba ya prosesa, aina ya kiunganishi chake cha ndani, pasti au lehemu, tarehe ya kusafishwa mara ya mwisho, na aliyesafisha. Sisi tutaijaza.

Mbili, mtuletee pasti ya prosesa, spiriti, brashi na turnevisi mbili. Kitubu kidogo cha pasti ni kati ya vitu vya bei ya chini kabisa katika kazi hii, na kinahudumia mashine nyingi. Msituache tukajaribu dawa ya meno, kama wengine wanavyofanya, inakauka baada ya siku chache na tatizo linarudi.

Tatu, mashine zilizokufa msizibebe kwenda kutupa. Tuachieni. Hiyo njo shule yetu. Mwenye hamu ya kukata kifuniko, akate cha maiti mpaka achoke. Ile i5-2400 yetu iliyovunjika tumeihifadhi kwenye kopo. Kila kijana mpya anaionyeshwa: hii nusu imebaki, hii nusu imeondoka na kifuniko. Imefundisha watu wengi kuliko ilivyofundisha ikiwa hai.

Nne, mkifunga chumba kwa ajili ya kosa, wafungieni waliokosa. Tuko na majina yetu, tungekuja wenyewe kama tungejua adhabu haitawaangukia wengine. Adhabu inayowaangukia watu sitini kwa kosa la wanne inafundisha jambo moja tu, kwamba siku nyingine mfiche vizuri zaidi.

Na sisi kwa upande wetu tumejiwekea sheria. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kukaza, tunafungua mashine moja, mlango wazi. Tunazima, tunachomoa waya, tunagusa chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini. Tunashika panga za feni zisizunguke tunapopuliza. Tunapima joto kabla, tunapima baada, tunaandika. Hakuna wembe ndani ya chumba. Na hakuna anayegusa kitu kabla hajasoma kwa sauti namba iliyoandikwa juu yake, wengine wakisikia.

Dada yetu tulimwendea, watu wanne, tukamwambia wazi ni sisi. Alituuliza swali moja tu: "Mashine ya saa nane inafanya kazi sasa?" Tukamwambia inafanya. Akasema sawa, bursari nyingine itafunguliwa, nitakuja. Tulirudi nyumbani kando ya ziwa bila kuongea. Tumemwahidi kwamba siku hiyo akikaa kwenye kiti, mashine haitazima.

Wazee wetu wa mashirika, ahadi hiyo hatuwezi kuitimiza na stika ikiwa ubavuni. Na nyinyi vijana wenzetu, hatuwezi kuitimiza na wembe ukiwa mfukoni. Jumamosi ijayo ni zamu ya mashine ya nne. Anayetaka kujifunza aje mapema, na aje na kitambaa.

Ni sisi vijana wa kujitolea, Rumonge, kando ya Tanganyika.